Mlango wa Pikapu Yako Umekauka, Kawira

Kawira, dada yangu,

Ni mimi Mwiti, mdogo wako, yule mliyekuwa mkisema kelele yake inafika nyumbani Mikinduri kabla ya miguu yake. Nimekaa chini na kalamu na unajua hiyo si kazi yangu. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, na mwalimu hakulia. Ukikuta neno limekaa vibaya lirekebishe huko huko, si ulizoea.

Nakuandikia habari ya pikapu. Makena wako ameolewa, Kawira. Ameenda kanisani ndani ya pikapu yako, amekaa mbele kama waziri. Lakini ilibaki kidogo tu aende na gari ya watu, na shida ilikuwa ule mlango wa dereva uliopaka mwenyewe kwa brashi. Wacha nianze mbali kidogo. Mimi siwezi kuanza karibu, unanijua.

Kwanza, tuko salama. Mwalimu Njeru, mume wako, amejifunza kupika. Nasema amejifunza kwa heshima tu, kwa sababu muthokoi yake, mahindi na maharagwe tu, bado inaungua chini na juu haijaiva, na sijui mtu anafanyaje hivyo. Lakini anakula na hatukani mtu. Mimi huku Timau jina limekua. Kila kitu cha bati kinachozeeka kutoka hapa mpaka Isiolo lazima kipite uani kwangu. Vijana wa mashamba ya maua wananiletea tangi za pikipiki, wazungu wa ngano wanatuma boneti za trekta. Juzi nilipuliza boneti moja nyekundu ikang'aa mpaka jogoo wa jirani akaona jogoo mwingine ndani yake. Alipigana naye mpaka akazirai, tukammwagia maji. Najua hapo umesema, "Mwiti, wewe!" Muulize mke wangu. Alimkuta jogoo amelala.

Na bado sina mashine ya upepo kama wenye gereji. Nina mikebe yangu ya kupuliza, beseni la maji ya vuguvugu la kupashia mikebe kwa sababu ya baridi ya huku, na hiki kidole cha kubonyezea. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia sasa kimepinda kabisa, hata nikinyoosha kuonyesha mtu njia anaenda kwingine.

Lakini, dada, nani aliyenifanya fundi? Wacha leo nijisifu kwa jina lako. Wakati ile gereji ya Meru iliponifukuza kwa kumwambia mwenyewe kwamba hajui kupaka (na hakujua, hilo sirudishi nyuma), mji mzima ulificha vitu vyake. Nilikuwa nikipita, watu wanaingiza wilbaro ndani. Ni wewe peke yako, huko kwenu Siakago, uliyeniletea pikapu nzima uliyokuwa ukibebea ndengu zako za sokoni, ukaiweka katikati ya uwanja ukasema, "Anza." Nikakuuliza, je, nikiharibu? Ukasema, "Rangi iko nje tu. Injini haitajua umefanya nini."

Nimesikia mahubiri mengi maishani. Hakuna lililonisimamisha wima kama hilo.

Ukachagua rangi mwenyewe. Kijani cha ndengu. Mwenye duka akakuonyesha nyeupe, akakuonyesha fedha, wewe ukatoa ndengu mfukoni ukaiweka juu ya kaunta. Halafu tukapigana na Siakago. Jua linakausha rangi hewani kabla haijafika kwenye bati, inakaa kama mchanga. Ukiepuka jua, upepo unaleta vumbi jekundu lote la Mbeere linakaa juu ya rangi mbichi. Mimi nilitukana. Wewe ulienda ukaleta maji ukamwagia uwanja wote mpaka vumbi likalala, ukatundika shuka zako kwenye kamba pande zote, ukafunga mbuzi, ukaniamuru nipulize alfajiri kabla jua halijaamka vizuri. Mpaka leo nafanya hivyo nikishuka nchi ya joto, na nikiulizwa nilijifunza wapi nasema ni siri ya kazi. Siri ya kazi ni wewe.

Shuka ziligeuka kijani. Sukuma wiki zilikuwa kijani tayari kwa hivyo hazikulalamika. Lakini yule kuku wako mweupe alipita nyuma ya gurudumu nikiwa napuliza, akatoka na bawa moja la kijani, na wiki hiyo akataga yai la kijani. Ulikataa. Ulisema, "Hilo yai uliliona peke yako, kama yule simba wako wa Timau." Sawa. Lakini niliona.

Sasa mlango.

Ule mwaka wa kiangazi kirefu uliona kutu imeanza mlango wa dereva. Hukutaka kuniita nikiwa na kazi nyingi. Ukachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye madirisha ya nyumba, ile kijani nzito, ukaipaka kwa brashi, kisha ukanipigia simu ukicheka mpaka sikuelewa unasema nini. "Fundi, umepata mshindani!" Nilipokuja nikacheka mimi pia. Mistari ya brashi ilikuwa inapanda na kushuka kama shamba lililolimwa na mlevi. Nilitaka kukutengenezea ukanikataza. "Wacha. Huo ni wangu." Halafu ile presha, halafu hospitali ya Embu, halafu tukakuzika.

Pikapu ilikaa chini ya turubai. Hakuna aliyeigusa.

Mpaka Makena akanipigia. Wewe ulizaa mtoto ambaye haombi, anatangaza. "Mjomba, gari ya kunipeleka kanisani ni ya mama. Uje uipake." Mwalimu alikuwa na wasiwasi. Watu wa bwana harusi walikuwa tayari na magari meupe, yamepangwa, na akasema wazi kwamba Ijumaa jioni ikifika pikapu haiko sawa, mtoto ataingia kwenye gari nyeupe na hatutabishana. Ni haki. Baba ni baba. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, wewe andaa hotuba. Hiyo gari, mpaka ndege watataka kutua juu yake wateleze."

Nikashuka Siakago na mikebe yangu. Nikaosha, nikapiga msasa, nikaziba matundu kwa fila, nikafunika vioo kwa magazeti. Boneti ikatoka safi. Madigadi za magurudumu zikatoka safi. Kijani kile kile, nimekitafuta mpaka nikakipata. Vijana wa bwana harusi wakaja kuleta viti, mmoja akaniuliza, "Mjomba, hii ni ya harusi ama ya kubeba mboga?" Nikamwambia, "Ni ya bibi harusi. Nyinyi na hizo zenu nyeupe mtafuata nyuma mkila vumbi." Wakacheka sana. Mimi nikawa nimeshajifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha nikafika mlango wa dereva.

Kawira, mtu yeyote anayejua hii kazi anajua. Rangi ya mkebe ina thina kali, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Ukiipuliza juu ya rangi ya mafuta inaiamsha, inavimba, inakunjamana. Ni lazima ukwangue yote kwanza. Najua hivyo kama najua jina la mama yetu. Lakini nilisimama mbele ya ile mistari yako ya kulewa nikaona mkono wako, kila mahali mkono wako, hata unywele wa brashi umenasa karibu na kitasa. Nikajidanganya kwamba imekaa jua la Siakago kiangazi kimoja na kingine, imeshakuwa jiwe, itavumilia. Nikapuliza juu yake, kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza moto asiamshe mtoto.

Mlango ulikunjamana mbele ya macho yangu. Ukawa kama maziwa yaliyochemka yakapoa, ile ngozi ya juu. Na hiyo ilikuwa Alhamisi, na wageni wameanza kuingia.

Nikashika msasa. Nikauweka kwenye mlango. Mkono haukwenda.

Makena akatoka ndani na rola za nywele kichwani. Akaangalia mlango, akaniangalia. "Mjomba, umeshindwa?" "Mimi? Nishindwe?" "Basi mbona umeshika msasa kama unaubariki?" Nikamwonyesha tu ule unywele wa brashi. Nikasema, ni wa mama yako, nikikwangua hapa nitakuwa nimemtoa.

Akaugusa ule unywele. Macho yakamjaa, nikafikiri sasa ataniambia niache. Lakini akasema, "Mama hakupaka huu mlango ili tuutazame. Aliupaka usiote kutu. Toa, Mjomba."

Hiyo sauti. Nilitaka kuangalia nyuma nione umetokea wapi.

Nikaanza. Bado napiga msasa nikaona Mwalimu amekuja. Alikuwa amevaa suruali yake ya kanisa, akaikunja mpaka magotini, akachukua kipande cha msasa akachutama akaanza kutoka chini. Miaka yote hiyo ya chaki, hajawahi kushika kazi yangu. Tukakwangua, mimi juu yeye chini, vumbi la kijani linatujaa kwenye nyusi. Tulikuwa tunalia, lakini ukituuliza ni vumbi.

Na hapo, Kawira, ndipo nikaona.

Chini ya rangi ya madirisha kulikuwa na praima nyekundu, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Yangu. Ule mkebe niliokuachia stoo nikasahau. Nikamwambia Mwalimu, simama, usiguse tena. Nikapitisha kidole. Laini. Pale kutu ilipokuwa, ulikuwa umeikwangua mpaka chuma safi, kingo zimelainishwa kwa duara pole pole mpaka huoni zinapoanzia, kama ninavyofanya mimi. Hakuna tundu. Hakuna kutu iliyofichwa. Nikachovya kitambaa kwenye thina nikagusa pembeni kujaribu, praima ikakaa imara. Mafundi wenye gereji Embu mjini hawafanyi vizuri hivyo, na nitawaambia mbele ya wake zao.

Ulijifunza lini? Wakati wote nikikueleza jinsi ya kulainisha kingo, ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako unachambua ndengu, unatupa mawe, hata hukuinua kichwa. Nikafikiri hunisikii. Nimeeleza watu wengi kazi yangu, Kawira. Nimeeleza hata wasioniuliza, nimeeleza kwenye matanga, nimeeleza polisi. Wanatikisa vichwa wananingoja nimalize. Wewe ulisikiliza mpaka ukafanya. Kisha ukaweka juu yake ile rangi mbaya ya madirisha na ukaniacha nikucheke.

Asante. Sijui kama niliwahi kukuambia hivyo kwa mdomo, kwa sababu mdomo wangu huwa umejaa mambo mengine. Asante kwa pikapu, kwa shuka, kwa maji uliyomwaga uwanjani. Asante kwa kunisikiliza bila kuniangalia.

Sikugusa praima yako. Nilipuliza kijani cha ndengu juu yake moja kwa moja, alfajiri ya Ijumaa, Makena mwenyewe akimwaga maji ya kulaza vumbi na rola zake kichwani, na Mwalimu ameshika shuka upande wa upepo kama bendera. Kwa hivyo mlango bado ni wako. Hakuna anayejua ila sisi watatu, na sasa nusu ya Siakago kwa sababu niliwaambia.

Jumamosi pikapu ilitangulia. Mimi ndiye dereva, Makena katikati, Mwalimu dirishani. Magari meupe yakafuata nyuma, na vumbi lilikuwa la kutosha kila mtu. Yule kijana wa mboga tulipofika alikuwa mwekundu mpaka kope. Akaja akanipa mkono akasema, "Mjomba, nimenyamaza." Watu waliimba tangu lango mpaka mlangoni. Mchungaji, naapa, alisimamisha wimbo ili aangalie boneti. Haya, pengine alikuwa anatafuta miwani.

Sasa Makena ndiye anayebebea ndengu na hiyo pikapu. Hakutaka iuzwe wala irudi chini ya turubai. Ameniambia kutu imeanza chini ya ngazi ya upande wa abiria, na hataki nimfanyie, anataka nimfundishe. Nikamwambia nitaongea sana. Akasema anajua, atatafuta kazi ya mikono afanye akinisikiliza.

Kwa hivyo ninakuahidi, dada. Nitamfundisha yote, kukwangua, kulainisha kingo, kungoja kila tabaka likauke. Nikizeeka kidole kikakataa, yeye atapuliza na mimi nitakaa pembeni nikijisifu. Hiyo gari haitaoza mkononi mwetu.

Lala salama, Kawira wetu. Mungu akuweke mahali penye kivuli na watu wa kucheka nao. Makena amesema mvua imeanza Siakago, na rangi haipendi unyevu. Ikikatika tu, nashuka.

Mdogo wako,
Mwiti
Timau