Bwawa la Mume Wangu Linakunywa Kisima cha Dada Yake

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia ghalani kwa sababu katika nyumba hii hakuna tena mtu ninayeweza kumtazama machoni, na usipochapa jibu Ijumaa hii nitakuwa nimechelewa.

Mimi ni mke wa mkulima, nina miaka thelathini na minne, na kijiji kimenipa kazi ya kupima kisima, yaani kila Jumatano nateremsha kamba yenye mafundo mpaka iguse maji, nahesabu mafundo, naandika namba ubaoni, na kwa namba hiyo watu huamua wapande nini mvua zikikatika. Miaka miwili iliyopita mume wangu Bhanudas alichimba bwawa la shamba, mita thelathini kwa thelathini, kina mita tatu, akalitandika plastiki nyeusi, serikali ikamchangia, na bwana shamba alimwambia alichimbe kule chini ambako maji ya mvua hupita, yeye akakataa kwa kuwa kule ndiko kwenye udongo mzuri, akalichimba juu kigongoni ambako hata mvua inyeshe vipi maji yanalikimbia, kwa hiyo mvua zilipoisha lilikuwa na maji ya magotini tu, na mikomamanga yetu mia nne ndiyo kwanza inataka kuzaa.

Ikaja Diwali, siku ile dada anapomzungushia kaka yake taa usoni na kumwombea maisha marefu, na wifi yangu Kausalya, mjane anayelima ekari moja kando yetu, akamzungushia, na mume wangu akampa sari ya kijani akamwambia mbele yetu sote, "Nikiwa hai, wewe hutalia." Siku tatu baadaye mume wangu akawasha pampu ya kisima chetu kirefu cha mashine, kilicho hatua arobaini tu kutoka kisima cha kijiji, akawa anavuta maji ya chini ya ardhi na kuyamwaga bwawani kila umeme ukija, mpaka likajaa pomoni na watu wakawa wanakuja kulipiga picha.

Jumatano ile kamba ilishuka mafundo mawili zaidi na mimi nilijua sababu, lakini niliandika namba ya wiki iliyotangulia, na Jumatano ya pili nikafanya vilevile, na mkutano wa kijiji ukasoma namba zangu ukasema mwaka huu maji yanatosha ngano, wakati watu walikuwa tayari kupanda dengu ambazo huridhika na unyevu uliobaki ardhini. Wengi walipanda ngano vipande vidogo, Kausalya akapanda ekari nzima. Sasa ngano inatoa masuke, inataka kunyweshwa mara mbili tu, na kisima hakina maji ya hata mara moja. Juzi alinikuta navuta kamba akaniuliza kwa upole, "Wifi, hiyo kamba imerefuka, au kisima kinakuheshimu wewe peke yako?" Nikacheka. Mshauri, nilicheka, na aibu hainitoki.

Nilimsihi mume wangu tuseme ukweli kwenye mkutano wa Jumapili, akanijibu bila hata kupandisha sauti, "Maji yaliyo ndani ya uzio wangu ni yangu. Ukifungua mdomo, chukua kabisa na shoka ukaikate hiyo mikomamanga." Nikisema naivunja nyumba yangu, nikinyamaza naangalia chakula cha mjane kikikauka kwa mkono wangu, nifanye nini?

Mwenye Kamba

JIBU

Mwenye Kamba, barua imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Ijumaa, na mkutano wenu ni Jumapili, kwa hiyo sina nafasi ya kukubembeleza. Majina nimeyabadilisha yote.

Pole. Najua mke anayemsema mume wake hadharani hula chakula peke yake kwa muda mrefu, na sikudharau kwa kuogopa. Lakini katika barua yako yote mume ana makosa na wewe una hofu tu. Hapana, dada. Pampu aliwasha yeye, namba uliandika wewe. Kausalya hakupanda ngano kwa sababu ya pampu, alipanda kwa sababu alikuamini.

Na wewe, bwana Bhanudas, maana gazeti hili litakufikia hata kama ni la kufungia vitunguu: bwawa la shamba huchimbwa ili kushika mvua inayokwenda zake bure. Wewe hukushika mvua. Ulichukua maji yaliyokuwa yamehifadhiwa vizuri chini ya miguu ya kijiji kizima, ukayaanika kigongoni. Kila siku jua linayapunguza, na jua halitakuzalia komamanga hata moja. Baba yangu alifanya ujinga kama wako, na mwaka uliofuata kisima chake cha mashine kilitoa upepo. Chako nacho kinakunywa maji yale yale ya chini.

Sasa fanyeni hivi. Leo, mume wako akishakula, mwambie Jumapili utasahihisha namba. Usimwombe ruhusa, mwarifu. Ukiona dalili ya mkono kuinuka, toka uende kwa mwenyekiti wa kikundi chenu cha wanawake, ulale huko. Pampu izimwe leo hii. Ikinyamaza, kisima kitapanda polepole, na wenye vipande vidogo watachota kwa zamu. Ekari ya Kausalya haiwezi kungoja hilo. Itanyweshwa kutoka bwawani, mara zote mbili, na kwa vipimo ulivyonipa itakula kama robo ya maji. Yanayobaki yatoshe mikomamanga kwa matone, mashina yafunikwe mabua, na matunda yapunguzwe, mti ubebe kiasi unachoweza. Mwaka huu mtavuna kidogo. Ndiyo, itauma.

Kabla ya Juni mchimbe mfereji wa kuleta maji ya mvua kutoka kwenye mteremko wowote wa mawe ulio juu ya bwawa, na shimo dogo la kutuliza matope kabla hayajaingia bwawani. Kigongo kikikataa, basi chimbeni bwawa jingine kule chini, kwenye huo udongo mzuri mliouonea huruma.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Kausalya asilisikie hili mkutanoni. Nenda kwake kesho asubuhi, peke yako, na usianze na habari za mume wako. Anza na "Nilikudanganya." Atakutukana, na usijitetee hata neno moja. Akinyamaza kidogo ili avute pumzi, mwombe jembe mkafungue maji ya bwawa, kwa sababu ngano haiwezi kungoja mpaka mpatane.