Punje Niliyoitema

Kumsenga, Julai 2015

Zakaria,

Nilianza kwa kuandika "Ndugu yangu", nikakata. Sababu utaiona ukinivumilia. Mkono unatetemeka na pumzi inakatika, kwa hiyo naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa mwandiko mbaya, leo "m" yangu ina miguu minne.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ndizo ungeuliza kwanza. Mibuni yako imezaa vizuri. Binti yako Anastazia na mumewe wamechuma mpaka ile safu ya chini karibu na kijito, ile uliyosema haitashika. Imeshika. Mkeo, Mama Anastazia, anakaa uani na ungo wake akichambua mbovu na nzima. Mpakani Mabamba watu wanavuka tena kutoka Burundi, wana mabunda kichwani na watoto mgongoni, kama ulivyovuka wewe. Mkeo alimpokea mama mmoja na wanawe kabla hawajachukuliwa kwenda kambini. Aliposikia jinsi wanavyosalimu, alikaa chini kwenye kizingiti. Wewe ungewauliza wametoka mlima gani.

Na Mzee Hamisi, yule muuza kahawa wa sokoni Kasulu, amefariki. Mtu aliyetoka huko ndiye aliyeniambia. Nilipolisikia jina lake nilijua siwezi tena kungoja. Tuliokuwepo siku ile tunakwisha, na mimi ndiye niliyebaki na neno.

Ngoja nilieleze tangu mwanzo, hata kama mengine unayajua.

Unakumbuka ugonjwa ule ulipoanza kusikika kutoka kwetu Bukoba, watu hawajui bado unavyoambukiza. Nilikuwa nafundisha Kasulu, na jioni nilipenda kwenda kwenye benchi la Hamisi, kahawa chungu na kashata. Wakaanza utani. "Mwalimu, mwezi huu kwenu mmezika wangapi?" Nilicheka nao, ningefanyaje. Siku moja Hamisi hakunimiminia katika vikombe vyake vidogo vya kauri. Alitoa kikombe cha bati, kipini chake amekifunga utepe mwekundu ili kisichanganyike na vingine. "Usione vibaya, mwalimu," akaniambia kwa upole, "wateja wananilalamikia." Nikasema sioni vibaya, nikanywa. Nilinywea kikombe kile wiki kadhaa, mbele ya watu niliowafundishia watoto.

Wewe ulikuwa mbeba magunia pale ghala la kahawa. Nilikufahamu kwa sura tu. Uliwahi kutuchekesha benchi zima siku ulipoonja kahawa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umeilima tangu utoto kule kwenu, mibuni ya kulazimishwa, na hujapata hata siku moja kuinywa. Ulikunja uso, ukasema, "Kumbe ndicho hiki tulichochapiwa viboko." Basi siku moja nikiwa na kikombe cha bati ulikuja na vumbi la magunia mabegani, ukaniangalia, ukanichukulia kikombe mkononi bila kuomba, ukamaliza kilichobaki.

"Mrundi, utakufa wewe," mmoja akakwambia.

"Nilishakufa kule ng'ambo," ukasema. "Kahawa ni ileile."

Kisha ukaniuliza, wote wakisikia, "Kwenu mkitaka watu wajue fulani ni wenu, mnafanyaje?" Nikakueleza desturi ya kwetu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili, zimelala ndani zimetazamana. Wawili wanajichanja karibu na kitovu, kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje moja, kisha wanabadilishana na kumeza. Ukacheka. "Kwetu ni kunywana, damu ndani ya pombe ya mtama. Nyinyi basi mnatafunana." Nikasema haitafunwi, inamezwa. "Jumapili," ukasema. Ukasimama ukarudi kwenye magunia yako.

Sikuwa nimekuomba. Hilo nimelirudia moyoni miaka yote, kana kwamba ni utetezi.

Jumapili mlikuja nyumbani kwangu, wewe na nusu ya benchi la Hamisi, na Hamisi mwenyewe. Nikatoa kopo la kahawa ya kutafuna niliyotumiwa na mama yangu, ile inayochemshwa na majani ya kunukia na kuanikwa na maganda yake. Tunda la kwanza nililopasua lilikuwa na punje moja tu, ya mviringo. Ukasema, "Huyu alizaliwa peke yake. Mwache, tafuta mwingine." Wakacheka. Nilikuwa nimenunua nyembe mbili, wewe wako na mimi wangu. Walidhani nakulinda wewe.

Maneno ya kiapo niliyasema mimi, kwa kuwa wewe hukuyajua. Njaa yako yangu, mgeni wako wangu, mwanao wangu. Na atakayemgeuka mwenzake, kahawa hii imvimbishe tumbo. Niliyasema kwa sauti ya darasani, ukayarudia neno kwa neno, ukameza yangu. Ukafungua mdomo kutuonyesha, kama mtoto aliyemeza klorokwini.

Mimi yako niliisukuma chini ya ulimi. Nikakohoa, nikaweka leso mdomoni. Hakuna aliyeona. Mlipoondoka niliitupa chooni, leso na punje.

Nimewahi kujiambia ni dini. Nimewahi kujiambia ni ugonjwa, kwamba msomi lazima ajihadhari. Lakini mwenye kutoka nchi ya ugonjwa nilikuwa mimi, na wewe ulimeza. Ukweli ni kwamba niliona kinyaa. Niliitazama damu yako juu ya punje ya mama yangu nikawaza, mtu huyu hana hata kipande cha karatasi, amevuka mpaka na gunia, anabeba mizigo. Nilitaka kile ambacho damu yako ingenipatia. Damu yenyewe sikuitaka. Jumatatu Hamisi alinimiminia katika kikombe cha kauri kama watu wote, na bati lile sikuliona tena. Nilikunywa nikashiba.

Tangu siku ile hukuniita tena Mwalimu. "Mwenewacu," ndugu kwa lugha yako, ndivyo ulivyoniita, sokoni, kanisani, mbele ya wakubwa wangu wa kazi. Kila uliponiita ulimi wangu ulikumbuka pale ilipokaa punje. Mke wangu alipofariki, ndugu zangu wa tumbo moja hawakuja; ni wewe uliyenyoa nywele za msiba. Ulipopata shamba hapa Kumsenga ulitenga mahali pa nyumba yangu kabla hujamaliza yako. Nilipostaafu ulinifuata Kasulu mwenyewe, ukapakia vitabu vyangu kwenye lori, ukawaambia wapakiaji, "Polepole, hivyo ndivyo mali yake." Ukajifunza kupika kahawa ya kutafuna kwa buni za shamba lako. Ladha haikuwa kabisa ile ya kwetu, ila ulikuwa ukiwatolea wageni kwenye kikapu kidogo, ukianza kula wewe mwenyeji kama nilivyokufundisha. Majirani walitucheka. "Nyumba hii wanatafuna kama mbuzi." Nawe ukawajibu, "Mbuzi hanywi dawa, mnajua kwa nini?"

Miaka ile ningeweza kukwambia siku yoyote. Ungenicheka, labda ungenipasulia tunda jingine palepale. Niliona haya, na haya ikikaa sana huwa kama fanicha, unaizunguka tu.

Sasa nafika pale ninapoogopa kufika.

Mwaka jana tumbo lako lilipoanza kujaa, nilikwenda nawe hospitali Kibondo. Daktari, kijana mpole wa kutoka Iringa, alisema ni ini, na kwamba limechelewa. Nilikufafanulia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha changu kibovu. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Tuliporudi nyumbani ukawatoa wote chumbani, hata mkeo, ukanishika kifundo cha mkono.

"Mwenewacu, nimekukosea wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Ukaendelea. Yule mbuzi uliyemuuza nikiwa safarini bila kuniuliza. Ile siku uliyosinzia nikisoma somo kanisani. Ile barua ya mdogo wangu uliyoisahau mfukoni mpaka mvua ikailowesha. Ulikuwa umeyatafuta yote, umelala na tumbo lile ukichimba miaka yetu. "Nitafutie na wewe," ukasema. "Mimi nimechoka kutafuta."

Nikakujibu, "Hukunikosea."

"Basi tumbo linasema nini?"

Nami, Zakaria, nikakueleza habari za ini upya. Nikakuchorea kwa kidole juu ya shuka liko upande gani. Kilichotakiwa ni sentensi moja. Kama kuna kiapo kilichovunjwa, mimi ndiye niliyekivunja, tena siku ileile, na tumbo langu hili hapa limebonyea kama ngozi ya ngoma kuukuu. Mimi siamini kwamba kahawa inaua mtu. Wewe uliamini, na mwenye kufa ulikuwa wewe. Nilikutazama nikawaza uji wa asubuhi, chumba changu, na jina lile uliloniita. Nikawaza utaniangaliaje siku zilizobaki. Nikanyamaza. Ulikufa ukiwa bado unatafuta. Siku ya mwisho, sauti ikiwa imekwisha, uliniuliza kwa macho, nami nikaangalia dirishani.

Kwenye msiba walianza kunong'ona kabla udongo haujakauka. "Tumbo lile ni la kiapo. Alimgeuka mwalimu wa watu." Wakanijia mmoja mmoja kunipa pole. Mama mmoja jirani akaanza kuniletea maziwa. "Kunywa, mwalimu. Wewe Mungu amekuonyesha haki yako." Ningeweza kumrudishia chupa yake. Nilisema, "Mungu ndiye anayejua," nikayanywa. Nimeyanywa mwaka mzima, Zakaria. Na mkeo akitoa kikapu cha kahawa wageni wanapokuja, wanasema wametoka kula sasa hivi. Hakuna mkono unaoingia. Mjukuu wako alirudi shuleni analia, wamemwambia babu yake alikula ndugu. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nikasikia yote.

Juma lililopita nilikwenda uani kwa mkeo. Hatua ni chache, lakini nilipumzika njiani. Alikuwa anachambua kahawa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: leso, choo, na lile swali uliloniuliza chumbani. Hakuinua uso. Mikono yake iliendelea kutupa mbovu upande huu, nzima upande ule.

"Kwa hiyo alikufa akijitafutia kosa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwa umekaa naye kitandani."

Nikasema ndiyo.

Akapepeta ungo. Kisha akasema, "Mimi kuniambia umenisaidia nini? Mimi sikuwa na shaka naye. Hao wanaokuletea maziwa ndio uwaambie."

Nikamwambia nitahama, binti wa marehemu dada yangu yuko Mwanza, atanipokea. Hapo ndipo aliponiangalia. "Uhamie wapi na pumzi hiyo? Yeye alimeza. Alikuwa ndugu yako mpaka anaingia kaburini. Hilo huwezi kulitema." Akainuka, akaenda jikoni. Uji ameendelea kuniletea, ila anauweka kizingitini na kuondoka. Anastazia hajanisemesha. Sina la kulalamika. Ningeshangaa wangefanya vingine.

Nimemwomba mchungaji anipe nafasi Jumapili hii baada ya matangazo. Aliniuliza ni ushuhuda? Nikamwambia ni kitu cha namna hiyo. Mume wa Anastazia atanibeba kwa pikipiki. Nitasema kwa Kiha, hata kama wanafunzi wangu wa zamani watacheka, ili wale bibi wa mabenchi ya nyuma wasihitaji mkalimani. Nitalitaja jina lako, na la kwangu, na kile nilichokitia kwenye leso. Nitawaambia aliyemgeuka mwenzake ndiye wamekuwa wakimletea maziwa. Najua wataniangaliaje. Nilivyoangaliwa nikiwa na kikombe kile mkononi ulikuwa uonevu. Safari hii nimestahili, na wewe hutakuwepo wa kuninyang'anya kikombe.

Naogopa. Sikufichi. Lakini nakuahidi jambo moja, na ahadi hii nakupa bila damu wala kahawa, mzee mkavu anayekufa: Jumapili watasikia. Nikishindwa kusimama nitasema nimekaa. Pumzi ikikata, nitangoja irudi, niendelee.

Kwaheri, Zakaria. Jibu la swali lako nimechelewa nalo mwaka mzima, pokea hivyohivyo. Si mbuzi, si usingizi wa kanisani, si barua iliyolowa. Hukunikosea popote. Pumzika, usitafute tena.

Felisiani