Nimefagia Uwanja wa Kozi Yako

Papa Mwalimu,

Kozi yako ya Kiingereza hapa Mulongwe iko hai, ila nusura tuizike pamoja nawe. Mimi Riziki, msaidizi wako, uliniachia chaki, mabenchi na wanafunzi kumi na mmoja, nami kwa woga sikufungua mlango wiki mbili nzima. Nisamehe.

Siku niliyofungua niliandika ubaoni: "The courage is good." Ujasiri ndio niliouhitaji! Mama Neema, yule muuza samaki wadogo wa ndagala, akasimama papo hapo: "Weye Riziki, hiyo 'the' iko inafanya nini pale?"

Lilelile kosa letu tuliosomea Kifaransa, kila neno tunalivisha kofia ya "the". Ulikuwa ukisema Kiswahili chetu hakitupi hata moja, Kifaransa kinatujazia sahani, na Kiingereza kinataka mtu apakue kwa kiasi. Ukatufundisha kwa mukeke: samaki anayetajwa mara ya kwanza ni "a", hatumjui bado, akishaingia sufuriani ni "the", maana wote tunamkodolea macho. Na mambo kama ujasiri, ukiyataja kwa jumla, yanatembea kichwa wazi. Nilikuwa nayajua yote hayo, Papa. Siku ile yalinitoroka.

Sasa sheria yako ilisema anayekosea afagie uwanja, wenzake wamwimbie. Hukusema kama inamhusu mwalimu. Darasa zima likanitazama, nami nikajua nikijitetea hapo hakuna atakayerudi. Nikachukua ufagio. Waliimba mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi! Nilifagia huku nacheka, huku nalia, maana sauti yako ndiyo pekee iliyokosekana. Kesho yake walikuja wote kumi na mmoja, na wapya watatu.

Jana akaja wa nne. Mke wako, Papa! Yule aliyekataa miaka yote akisema mume akimfundisha mke nyumba itavunjika. Aliingia na daftari jipya, akakaa benchi la mbele.

"Minye pia uniandike," akasema. "Bwana wangu alikuwa anachekesha batu mu Kiingereza, minye nacheka tu bila kusikia maana."

Nikaandika jina lake juu kabisa ya orodha.

Lala salama, Papa Mwalimu. Nakuahidi nitamfundisha mpaka akuandikie barua kwa mkono wake. Nitaileta kaburini mwenyewe, na hiyo sitaisahihisha.

Riziki