Mstari wa Mwisho wa Hesabu ya Jeki

Kabiria,
Nairobi.
14 Septemba 1958

Dada yangu mpendwa Peres,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta u mzima pamoja na watoto, na kwamba Mama ameanza kupata nafuu ya miguu. Mimi mwili hauna neno. Shemeji Nashon nilimwona jana hospitalini: anakula vizuri na kuwatania wauguzi, ila daktari amesema mkono wa kulia hautashika randa tena. Najua uliambiwa ni ajali. Naomba univumilie nikueleze.

Kanisa letu lilizama upande mmoja, na wazee wakaamua kuliinua kwa jeki za skrubu. Kazi alipewa Kihara mwenye karakana River Road, yule niliyekuandikia kwamba Disemba angekuja nyumbani na wazee wake. Aliniomba nimpigie hesabu: mtu asukume mpini kwa nguvu kiasi gani ili jeki moja iinue tani mbili. Niliipima skrubu, nikapata kwamba kwa mpini wa futi tatu, ratili arobaini na sita zingetosha. Lakini hesi zake, ile mikato inayoizunguka skrubu, zilikuwa na mwinamo mkali, kwani Kihara aliitoa kwenye mashine kuukuu. Kilichoishikilia ni msuguano wa chuma kikavu tu. Ikipakwa grisi, mzigo wenyewe ungeizungusha irudi chini. Kwa hiyo mstari wa mwisho niliandika: isipakwe grisi, ikipakwa, mpini ufungwe kabla ya kuachiwa.

Wewe u mke wa fundi; unajua fundi haanzi kazi na chuma kikavu, huona ni uvivu. Siku ya kuliinua kanisa jeki zote zilipakwa. Nashon, aliyekuwa mmoja wa mafundi waliozungusha, alipoachia mpini ili abadilishe mkono, ulizunguka kinyumenyume ukamvunja mkono wa kulia.

Kwenye baraza la wazee lililokaa baada ya hapo, Kihara, ambaye wiki nzima aliwaambia wazee kwamba hesabu ni zake, alitoa karatasi yangu. Akasema kwa upole, "Hizi ni za Mwalimu Milcah. Mimi nilifuata tu." Chini ilikuwa imekatwa kwa makasi, sawasawa juu ya mstari ule. Mzee Waweru akasema heri mwalimu angebaki na chaki yake, wakacheka. Nilimtazama Kihara, alikuwa akiikunja karatasi taratibu, kama mtu anayekunja leso.

Nimejiuliza kama namhukumu kwa uchungu. Huenda aliikata mapema, kwa kuionea aibu skrubu yake kuukuu, bila kumtakia mtu ubaya. Msuguano wa kichwa cha jeki nao sikuuhesabu. Huenda na mahali pengine nilikosea.

Lakini lipo moja nisilolitilia shaka. Asubuhi ile nilikuwepo, na niliiona grisi ikimetameta kabla Nashon hajashika mpini. Nilifungua mdomo. Kihara alikuwa akiwaonyesha wazee kazi yake, nami sikutaka kumwaibisha mbele yao. Nikanyamaza. Nashon hajui, bado anawaambia wageni kwamba shemeji yake hakosei hesabu.

Jumamosi baraza litakaa tena, nami nitayasema yote mawili. Nikishakiri la kwangu, nadhani hakuna atakayeuliza habari za makasi, na Kihara atatoka safi. Hata hivyo nimeona wewe usikie kwanza, kwa kuwa mkono ule ndio uliowalisha.

Nisalimie Mama, na watoto mmoja mmoja. Usinijibu kwa haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Milcah