Niliandika Joto la Chumba cha Nyanya Bila Kuingia Ndani

Bi Tumu mpendwa, wewe unayejibu barua za wenye shida, naomba msaada wako, na jambo lenyewe sijamwambia kiumbe, si mama, si rafiki, wala sijalisema kwa sauti hata nikiwa peke yangu, kwa hivyo mwandiko ukienda upande nisamehe. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, twakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya mawe aliyoiacha babu, sisi juu na nyanya yangu, Bi Mwanakhamis, chini. Kuta ni nene, za matumbawe, lakini zamani kidogo watu wetu waliyaziba matundu ya hewa na kupaka saruji juu ya chokaa ili nyumba ionekane mpya, na tangu hapo yatupika kama chungu kilichofunikwa, feni zazunguka mchana kutwa, stima yaenda na joto liko pale pale.

Mwaka huu wakaja mafundi wanaokarabati nyumba kongwe ziwe na baridi bila kula umeme mwingi, mkubwa wao fundi Wekesa, mtu wa bara, baba humtania kwamba amekuja kufundisha Waswahili kukaa katika nyumba zao, naye hujibu kwamba hafundishi mtu, anafungua tu kile wajukuu walichoziba. Alisema kabla hajagonga msumari hata mmoja lazima nyumba nzima ipimwe joto wiki mbili, kila chumba, mara tatu kwa siku, kwa sababu vifaa vitatosha vyumba viwili kwanza na lazima viwe vile vyenye joto zaidi. Karatasi za maagizo zilikuwa za Kiingereza, baba akaniita nizifasiri, nikazifasiri zote bila kukwama mbele ya watu, nikapewa daftari, nami nikajiona mtu. Fundi akaniambia, "Binti yangu, hiki kitabu kikitudanganya, tutafunga bendeji mguuni na kidonda kiko kichwani."

Sasa Bi Tumu, nyanya husomesha chuo cha Qurani chumbani mwake, watoto kama ishirini, kuanzia saa tisa na nusu, na kipimo cha tatu ni saa kumi. Siku ya kwanza niliingia na daftari langu, nyanya akafurahi akasema, "Karibu mwanangu, hebu wasomeshe hawa kidogo, nami nipumue." Mimi shuleni nasoma Kiingereza na Kiswahili na alama zangu si mbaya, lakini hati za Kiarabu nilizikimbia nikiwa mdogo, nikakwama kwenye mstari wa pili, na mtoto anayeitwa Khubaib, wa miaka saba, meno ya mbele hana, akanisahihisha, nikakwama tena akanisahihisha tena, chumba kizima kikacheka, akasema, "Dada ni mkubwa lakini bado yuko kwetu." Nyanya aliwanyamazisha, lakini mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo, nikatoka bila kupima, na nafasi ya siku hiyo nikaiacha tupu.

Tangu siku hiyo sikuingia tena saa kumi. Nilikuwa nasimama ukumbini, nje ya pazia, nasoma kipimajoto cha ukumbi, napunguza nyuzi moja, naandika hiyo kuwa ya chumba cha nyanya. Siku kumi na tatu. Ukumbini ni thelathini, nyanya naandika ishirini na tisa, kwa kalamu nzuri, na mstari nimeupiga kwa rula.

Nami sikujua, au tuseme sikutaka kujua, kwamba ukuta wa nyanya umepakana na tanuri la Bi Maisara, jirani yetu, ambaye huoka mikate ya mofa kila siku baada ya adhuhuri, na ukuta hushika moto huo kuanzia saa tisa, na dirisha hufungwa kwa sababu wapita njia huwachungulia watoto. Fundi Wekesa na msaidizi wake Kasyoka huja asubuhi tu, na asubuhi chumba kile kina baridi kweli. Nyanya halalamiki, kwake joto ni la Mungu. Kwa hivyo wakaliamini daftari. Wakatengeneza sebule, na cha pili kikawa chumba changu mimi, chini ya mabati, wakayapaka mabati rangi nyeupe, wakaweka dari ya mbao yenye tabaka la makumbi ya nazi, wakafungua matundu mawili juu ya mlango, na wallahi sasa nalala bila feni.

Jumanne moja nyanya akaanguka katikati ya somo. Watoto walitoka mbio, Khubaib ndiye aliyekwenda kwa Bi Maisara kuomba maji, na daktari akasema ni joto na kukauka mwili. Niliteremka na kipimajoto, kila mtu akiwa amemzunguka nyanya hapo ukumbini, nikaingia chumbani peke yangu. Thelathini na sita. Nikatoka, sikusema.

Baba akasema mama yake sasa ni mtu mzima, chuo basi, na shangazi yangu atakuja kumchukua akakae naye mtaa wa Buxton shule zikifungwa. Nyanya hajawahi kulala nje ya nyumba hii tangu alipoletwa bibi harusi. Mama za watoto wameanza kutafuta mwalimu mwingine. Na kila mtu asema ni uzee, fundi mwenyewe alilifungua daftari akatikisa kichwa akasema chumba hiki hakina tabu, ni umri, na nyanya mwenyewe ameamini, nilimsikia akimwambia mama, "Mwili wangu umechoka, nyumba haina kosa."

Kinachonimaliza ni hiki, sasa wamemhamishia chumbani kwangu apumzike mchana, na kila akijilaza huiweka mikono juu aniombee dua, asema chumba changu kina upepo wa peponi na Mungu anipe kila nilichompa yeye. Bi Tumu, mimi nimempa nini?

Nikisema, baba ataaibika mbele ya mafundi na mtaa mzima utajua mtoto msomi alibuni tarakimu kwa kumwogopa mtoto wa miaka saba. Nisiposema nyanya ataondoka. Nilitaka kuuliza kama kuna njia ya kumfanya fundi apime tena bila mimi kutajwa.

Nasikia nyayo ngazini, ni za nyanya, apumzika kila ngazi ya tatu. Barua hii nimeiandika siku nne, na kila mtu akipanda naisukuma chini ya godoro. Yeye herufi hizi za Kizungu hazijui, husoma hati za Kiarabu tu, ningeweza kumwambia ni kazi ya shule. Leo naiacha hapa juu ya meza. Akiuliza ni nini, nitamsomea.

*

Mwanangu,

Swali lako nalijibu kwanza: hakuna njia hiyo. Ulitaka fundi apime tena bila wewe kutajwa, yaani uingie chumbani bila kupita pazia. Umesimama hapo vya kutosha.

Nitakugombeza kidogo, kisha basi. Kuona haya si dhambi, na watoto wakicheka huuma, hata mimi mtu mzima bado huniuma. Lakini ile siku ya thelathini na sita haya haikuwa tena na kazi. Ulikuwa na ukweli mkononi, mgonjwa yuko hatua tano, ukanyamaza. Kosa la siku kumi na tatu lilikuwa la mtoto. Hilo la siku hiyo lilikuwa lako. Nawe wajua, ndiyo maana umeniandikia.

Sasa sikiliza. Baba yako usimwendee na kilio, mwendee na daftari. Usichane ukurasa. Chora mstari kando ya zile siku kumi na tatu na uandike kwa hiyo kalamu yako nzuri: hizi nilizibuni. Aone kabla fundi hajaona. Ataghadhibika, mwache. Kisha mkaribishe Wekesa saa kumi, si asubuhi, na umwonyeshe yeye na Kasyoka kwa mdomo wako mwenyewe. Nao pia nawalaumu: mafundi wazima hawakuweka kiganja kwenye ukuta ule alasiri hata siku moja?

Chuo kihamie juu, chumbani mwako, leo. Hicho chumba kimepozwa kwa vifaa vilivyokuwa haki ya nyanya, kirudi kwake. Wewe kwa siku saba teremka saa tisa na nusu, kaa chumbani mwake, dirisha limefungwa, tanuri linawaka, na uandike kila nusu saa mpaka saa kumi na moja. Uwe na maji. Ukizidiwa toka, lakini uandike saa uliyotoka.

Mimi si fundi, ila nimezaliwa nyumba ya mawe, na mama alijua kuipumzisha. Mwambieni Wekesa atazame saruji ya ukuta ule: itoke, chokaa irudi. Matundu ya juu yafunguliwe. Dirisha lipate mbao za mlalo, upepo uingie na macho ya watu yabaki nje. Kati ya ukuta na tanuri paachwe nafasi; Bi Maisara si mtu mbaya, nendeni kwake na mama yako, mmuombe, pengine ataoka alfajiri siku za chuo. Na baba asikimbilie mashine ya baridi: kuta zilizozibwa ukizipoza hutoa jasho, mkeka wote utaota ukungu. Nyumba ni moja, mwanangu. Haipoi chumba kimoja.

Kuhusu hati za Kiarabu, hukuuliza, nakujibu. Barua yako ilinifikia na mistari mitatu chini yake ambayo si mwandiko wako, wino mwingine, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, safi kama nilizofundishwa mimi. Umeitia kwenye bahasha ukaipeleka, na nadhani hukuweza kuisoma, na ulikuwa na haya kumuuliza aliyeiandika. Nakusomea:

"Amenisomea yote. Kulia amelia yeye, mimi nalicheka kidogo, kisha nami nikalia. Buxton siendi. Mwambieni mkeka wa mbele una nafasi, kando ya Khubaib."

Siku zako saba zikiisha, basi, panda ukakae. Chukua juzuu yako, na ukikwama mwache akusahihishe.