Paa Jekundu la Babu

Wanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni, na jirani yuko na Babu. Dada mkubwa, mnawishe mdogo wako kwanza. Ule ubao uliovikwa blanketi, mnaobandikia picha za vitambaa, uko hapa mezani. ~~Mkimaliza kucheza, bandueni vipande vyote, mrudishe kwenye mkebe.~~ Hapana, ngojeni kwanza.

Asubuhi, kabla hamjaenda shule, nilimgombeza Kitindamimba kwa kupoteza kile kipande cha paa jekundu la nyumba mliyoipanga ubaoni. Akalia, "Nimemwazima Babu!" Nikamwambia huo ni uongo wa mchana kweupe.

Mlipoondoka nikampelekea Babu chai, nikalikuta paa mkononi mwake. Mkono wa kulia, ule ambao haujashika hata kijiko tangu augue! Jirani anasema Kitindamimba humpa kipande kimoja kila siku akishikilie. Nikamsogezea ubao. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, lakini alilibandika mwenyewe.

Kitindamimba, dada yako akusomee hapa mara mbili: nisamehe, mwanangu. Na asante. Leo pia mchagulie Babu kipande.

Paa limekaa upande, nimeliona. Atakayelinyoosha atanitambua.

Mama yenu