Maneno ya Baba Yamekwama Ndani

Nyumbani, chumbani kwa Baba
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako huko melini, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Baba anakula vizuri na mguu unapata nguvu, ila sauti haijarudi tangu apooze.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeiomba ofisi yenu ikufikishie barua hii. Ile kompyuta uliyomwekea Baba ili imsemee imegoma kuwaka. Inaonyesha nembo, inazunguka, inazima, inaanza upya. Tangu Alhamisi hajasema neno.

Ilipogoma mara kadhaa, ilileta yenyewe ukurasa wa bluu wa matengenezo. Nikachagua ijitengeneze, nikamwambia Mama asiiguse, nikaenda kazini. Unamjua Mama na swichi zake. Alipotoka kwenda dukani alizima zote. Nilipomuuliza alijibu, "Sijaigusa mimi. Nimegusa ukuta."

Sasa inasema haiwezi kujitengeneza. Nimejaribu kuirudisha ilivyokuwa wiki iliyopita, ikajibu haina pa kurudia. Limebaki chaguo la kuiweka upya: itatunza mafaili, itaondoa programu zote. Kaka, maneno ya Baba ni faili au ni programu? Yale aliyoyakusanya mwaka mzima kwa kidole kimoja, utani wake kwa Mama, jina analoniita mimi peke yangu. Fundi wa mtaani kasema nibonyeze tu, niache kuililia mashine. Kidole kimekataa. Nimesoma miaka yote ile, na kitufe kimoja kimenikalisha chini.

Jana Baba aliivuta kibodi akaanza kubonyeza, kioo kikiwa kilekile cha bluu kisichoandika kitu. Nikamfuata herufi kwa herufi. Niliambulia "mwambie mama yako". Yaliyofuata yalinipita. Nilimwomba arudie. Aliniangalia, akaisukuma kibodi polepole, akageukia dirisha. Mama alikuwa mlangoni, anasubiri kuambiwa.

Mkitia nanga, nijulishe maneno hayo umeyahifadhi wapi, hata kama jibu ni kwamba hayapo popote. Mpaka hapo sibonyezi chochote.

Mama anakusalimu sana, na shangazi pia, anauliza utaoa lini. Wasalimie wenzako wa jikoni. Salamu za Baba sina za kukuandikia.

Mungu akutunze juu ya maji akurudishe kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba